Erik Acharius: Tabibu wa Vikombe na Ngao Ndogo

Askari anayeshika zamu ya alfajiri katika milima ya Ryansoro, upande wa Gitega nchini Burundi, ana muda mrefu wa kutazama vitu vilivyo karibu naye. Umande ungali juu ya majani, ukungu haujaondoka mabondeni, na kabla ya jua kupanda hakuna kinachoonekana vizuri isipokuwa jiwe aliloliegemea na mti ulio mbele yake. Jiwe hilo lina madoa. Mengine ni ya kijivu, mengine ya manjano, mengine ya kijani kilichopauka. Asiyejali hudhani kuwa ndiyo rangi ya jiwe lenyewe, au ni uchafu ulioletwa na mvua. Lakini akiinamisha kichwa na kutazama kwa makini, ataona kwamba doa lina ukingo na mikunjo, na kwamba juu yake vimekaa vikombe vidogo mno, pengine visivyozidi kichwa cha pini, kila kimoja kikiwa na mdomo wake wa mviringo na sakafu yake yenye rangi tofauti.

Kitu hicho si jiwe wala si uchafu. Ni kiumbe hai, nacho kwa Kiswahili cha elimu huitwa kuvumwani. Vikombe vyake ndivyo kiungo cha uzazi wake. Vikombe vya namna hiyohiyo huonekana pia katika uyoga fulani usio na mwavuli wala shina refu, unaoota juu ya magogo yaliyooza katika misitu ya nchi za joto, mwingine ukiwa na rangi ya waridi au ya machungwa iliyokoza hata mtu akadhani ua limedondoka chini. Wataalamu wote duniani huita kikombe hicho apothesia. Mtu aliyekipa jina hilo alikuwa tabibu wa serikali katika mji mdogo wa Sweden, miaka mia mbili na zaidi iliyopita. Jina lake ni Erik Acharius, na leo tunayasimulia maisha yake.

MWANAFUNZI WA MWISHO

Erik Acharius alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1757 katika mji wa Gävle, bandari iliyoko kaskazini ya Stockholm. Mwaka 1773, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, alijiunga na Chuo Kikuu cha Uppsala kusomea elimu ya viumbe na uganga. Chuo hicho kilikuwa na sifa duniani kote kwa sababu ya mwalimu mmoja tu, naye ni Carl Linnaeus, yule aliyeweka kanuni ya kumpa kila mnyama na kila mmea majina mawili ya Kilatini, kanuni inayofuatwa hata leo.

Acharius alimkuta Linnaeus jioni ya maisha yake. Mwaka 1774 mzee huyo alipatwa na kiharusi, na nguvu zake zikaendelea kupungua. Hata hivyo, mwaka 1776 kijana Acharius alisimama mbele yake kuitetea tasnifu yake. Hakuna mwanafunzi mwingine baada yake aliyepata kufanya hivyo, kwa kuwa Linnaeus alifariki mwezi Januari 1778. Acharius basi ndiye aliyefunga mlango wa darasa hilo mashuhuri.

Jambo la kushangaza ni kwamba tasnifu hiyo ilihusu kiumbe wa Afrika. Mwanafunzi mwingine wa Linnaeus, Carl Peter Thunberg, alikuwa amekaa Rasi ya Tumaini Jema tangu mwaka 1772 hadi 1775, akikusanya mimea. Huko aliona kitu kisicho na jani wala shina la kijani, kinachojificha chini ya ardhi, kikinyonya mizizi ya mimea mingine, na ambacho huonekana tu pale ua lake nene linapopasua udongo. Ua hilo hutoa harufu ya uozo ili kuwavuta mende. Thunberg mwenyewe alipokieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1775 alidhani ni uyoga. Kumbe ni mmea kamili wenye maua, ila umeacha kujitafutia chakula na unaishi kwa jasho la wengine. Hivyo somo la kwanza alilolitetea Acharius mbele ya hadhara lilimfundisha jambo ambalo lingemfaa maisha yake yote, yaani kwamba umbo la nje huweza kumdanganya hata mtaalamu, na kwamba anayetaka kujua kitu ni nini sharti atazame kiungo kinachozaa.

KITUO CHA VADSTENA

Baada ya Uppsala, Acharius alifanya kazi Stockholm katika Chuo cha Kifalme cha Sayansi, kisha akamaliza masomo ya uganga katika Chuo Kikuu cha Lund mwaka 1782. Mwaka 1785 aliteuliwa kuwa tabibu wa mji wa Vadstena, kando ya ziwa kubwa liitwalo Vättern. Mwaka 1789 alipandishwa cheo na kuwa tabibu wa serikali katika jimbo la Östergötland. Mwaka 1795 hospitali mpya ilifunguliwa Vadstena kwa juhudi zake mwenyewe, naye akawa mkuu wake.

Msomaji na aelewe vema maana ya maisha hayo. Vadstena haukuwa mji wa chuo kikuu. Haukuwa na maktaba kama za Uppsala, wala wataalamu wa kujadiliana nao jioni. Ulikuwa kituo cha kazi. Tabibu wa serikali wakati huo alikuwa mtu wa njiani, akienda vijijini kwa farasi au gari la kukokotwa, katika theluji na matope, kukabili homa na maradhi ya kuambukiza katika siku ambazo dawa za kweli zilikuwa chache sana. Mwenye cheo hicho aliwajibika kwa watu wengi waliotawanyika katika eneo kubwa, na mshahara wake ulitokana na kazi hiyo, wala si na elimu ya mimea.

Wengi waliopelekwa vituo vya mbali walihesabu miaka yao kwa kusubiri uhamisho. Acharius hakuondoka. Alikaa Vadstena miaka thelathini na minne, hadi kufa kwake. Na katika saa alizobakiwa nazo baada ya wagonjwa kuhudumiwa, alichagua kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiipigania. Wenzake walitaka maua ya nchi za mbali, ndege wa rangi na mimea ya dawa. Yeye alichukua kile kilichokuwa juu ya mawe na magome ya miti njiani kwake, kile ambacho kila msafiri alikipita.

GHALA LA MBEGU

Kuvumwani zilikuwa zimedharauliwa hata na Linnaeus mwenyewe. Mzee huyo alizilinganisha na wakulima maskini kuliko wote katika ufalme wa mimea, na katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1753 aliziweka zote, yapata aina themanini, katika jenasi moja tu. Ni sawa na karani wa kikosi ambaye, akiwa na askari themanini wenye vyeo na kazi mbalimbali, anaandika jina moja juu ya orodha na kuwaacha wote chini yake bila mpango. Orodha kama hiyo haimsaidii mtu siku ya dharura.

Kadiri kuvumwani mpya zilivyogunduliwa, ndivyo fujo ilivyozidi. Baadhi ya wataalamu walizipanga kwa rangi, lakini rangi hubadilika kwa jua, kwa maji na kwa umri. Wengine walizipanga kwa umbo la mwili: zile zinazoganda juu ya jiwe kama rangi iliyopakwa, zile zenye vijani, na zile zinazoning'inia matawini kama ndevu za mzee. Mpango huo ulifaa kidogo, lakini nao uliwaweka pamoja watu wasio wa ukoo mmoja kwa kuwa tu wamevaa nguo zinazofanana.

Acharius alikuja na kanuni thabiti zaidi. Alisema kwamba mtu atazame kwanza vikombe. Je, kikombe kiko wazi au kimefumba? Ukingo wake umetokana na mwili wa kuvumwani yenyewe au ni wake peke yake? Kimekaa juu ya mwili, kimezama ndani, au kimeinuliwa juu ya kijiti? Kina umbo la sahani, la bakuli, au kimejinyoosha kama mstari wa maandishi? Akizingatia maswali hayo, alianza kuona koo mahali ambapo wengine waliona madoa.

Kazi hiyo ilihitaji maneno mapya, kwa sababu lugha ya elimu haikuwa na majina ya viungo vya kiumbe asiye na jani, ua wala mzizi. Acharius aliyatunga. Mwili wa kuvumwani aliuita thalo. Unga laini unaotoka juu ya mwili huo, ambao upepo huuchukua na kuupanda kwingine, aliuita soredia. Na kikombe cha uzazi ndicho alichokiita apothesia, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ghala. Katika Kiswidi na Kijerumani neno hilohilo la kale limezaa jina la duka la dawa, kwani dawa nazo huwekwa akiba. Jina hilo lilimfaa mtu aliyekuwa tabibu mchana na mchunguzi wa mawe jioni.

Na kweli kikombe ni ghala. Sakafu yake imejaa vifuko vyembamba vilivyosimama wima, vimebanana bega kwa bega kama askari katika gwaride. Kwa kawaida kila kifuko kimebeba mbegu nane ndogo mno, ziitwazo spora. Kikombe kikilowa, maji huingia katika vifuko na msukumo wake huongezeka, hata ncha ya kifuko ikafunguka na spora zikarushwa hewani kwa nguvu. Katika uyoga mkubwa wa vikombe, mtu akiupulizia pumzi tu, vifuko maelfu huweza kufyatuka kwa pamoja na moshi mwepesi ukaonekana ukipanda. Umbo la kikombe basi lina kazi yake, kwa kuwa huweka uwanja mpana ulio wazi, vifuko vyote vikiuelekea mdomo, ili kila kimoja kipate njia ya kurusha alichokibeba.

BAKULI NA NGAO

Vitabu vya Acharius vilifuatana kwa utaratibu. Mwaka 1798 alitoa kitabu juu ya kuvumwani za Sweden. Mwaka 1803 kikaja kitabu cha kanuni za kuzipanga, na mwaka huohuo alipewa heshima ya kuitwa profesa, ingawa hakuwa na darasa la kufundisha. Mwaka 1810 alitoa kitabu kikubwa kuliko vyote, kilichokusudia kueleza kuvumwani zote za dunia zilizojulikana wakati huo. Mwaka 1814 akatoa muhtasari wake.

Katika vitabu hivyo alizipa jenasi majina ambayo yanatumika hadi leo, na majina hayo hasa yatamvutia askari. Acharius alipotafuta maneno ya kueleza vikombe vyake, aliyatoa katika sehemu mbili: katika vyombo vya chakula na katika silaha za kujikinga. Jenasi moja aliiita Lecanora, kutokana na neno la Kiyunani la bakuli. Nyingine aliiita Lecidea, kutokana na sahani ndogo. Nyingine, yenye vijani vipana inayoota juu ya magome na mawe, aliiita Parmelia, kutokana na ngao ndogo ya mviringo iliyobebwa na askari wa Kirumi wa zamani. Nyingine aliiita Cetraria, kutokana na ngao nyepesi ya ngozi ambayo Warumi waliiona mikononi mwa wapiganaji wa Afrika na Hispania.

Kwa hiyo yule askari wa alfajiri anayetazama jiwe la Ryansoro anaona pale, kwa udogo wa ajabu, vitu viwili ambavyo askari wa zama zote amevijua: bakuli lake na ngao yake.

KUJISAHIHISHA

Tusimsifu mtu kupita kiasi. Acharius alikosea, tena mara nyingi. Mpango aliouweka mwaka 1798 aliubadili mwaka 1803, na ule wa 1803 akaubadili tena mwaka 1810. Kuvumwani iliyokuwa na jina moja katika kitabu cha kwanza iliweza kuwa na jina jingine katika cha tatu. Bila shaka hilo liliwachosha wasomaji wake, waliotaka orodha moja isiyobadilika.

Lakini msomaji na apime jambo hili kwa haki. Mtu anayeandika taarifa, kisha akapata ushahidi mpya, ana njia mbili. Anaweza kuificha taarifa ya kwanza na kuushikilia uongo ili asionekane mjinga. Au anaweza kuandika taarifa ya pili, akaweka jina lake chini yake, na kuwaacha watu waone wazi pale alipobadili mawazo. Njia ya kwanza humlinda mwandishi kwa muda mfupi, na huwaangamiza wengine kwa muda mrefu. Kila polisi aliyewahi kuona mtu asiye na hatia akishikiliwa kwa sababu ya taarifa ya awali ambayo hakuna aliyethubutu kuisahihisha, anajua uzito wa neno hili. Acharius alichagua njia ya pili, mbele ya macho ya wataalamu wa Ulaya nzima, na ndiyo maana kazi yake iliweza kuendelezwa na wengine.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo hakuweza kulisahihisha, kwa kuwa zama zake hazikuwa na nyenzo. Alitegemea macho yake na lenzi za kukuzia zaidi kuliko hadubini. Alieleza vikombe kwa ustadi mkubwa, lakini spora zilizomo ndani yake zilisubiri kizazi kilichofuata kuzitumia kama alama ya ukoo. Alidhani pia, kama walivyodhani wote, kwamba kuvumwani ni mmea mmoja kamili. Ukweli wa jambo hilo tutaufikia hivi punde.

BARUA, RANGI NA PWANI YETU

Mtu aliyekaa kituo kimoja miaka thelathini na minne aliwezaje kuandika juu ya kuvumwani za dunia nzima? Jibu ni barua na ushirikiano. Rafiki yake Olof Swartz, aliyesafiri visiwa vya Karibi kati ya mwaka 1783 na 1786, alikuwa akiandikiana naye. Adam Afzelius, mwanafunzi mwingine wa Linnaeus, alikaa Sierra Leone katika miaka ya 1790, na kuvumwani alizokusanya huko Afrika Magharibi zilifika mezani pa Acharius zikapewa majina. Vipande vya gome vilivyofungwa katika karatasi vilivuka bahari na kufika Vadstena, na kutoka Vadstena yakarudi majina na maelezo. Acharius mwenyewe hakukanyaga Afrika kamwe.

Mwenzake wa karibu, Johan Peter Westring, alikuwa tabibu katika mji wa Norrköping, jimbo lilelile. Westring alizichunguza kuvumwani kwa jicho jingine: alizichemsha na kujaribu rangi zake, akaandika kitabu juu ya kuvumwani za Sweden na rangi zinazotolewa kwazo. Nia yake ilikuwa kuwapatia watu wa nchi yake rangi za nguo bila kuzinunua kwa wageni.

Hapa pwani ya Afrika Mashariki inaingia katika hadithi. Kuvumwani iliyotoa rangi ya zambarau bora kuliko zote haikuota Sweden. Iliota katika pwani zenye joto na upepo wa bahari, ikining'inia juu ya miti na majabali. Katikati ya karne ya 19 ilikusanywa kwenye pwani yetu kuanzia Somalia hadi Msumbiji, na Zanzibar ikawa mojawapo ya bandari zilizoisafirisha kwenda Ulaya, pamoja na karafuu, sandarusi na pembe za ndovu. Jenasi yake ni Roccella. Aliyeikusanya alipata malipo kidogo, na nguo zilizotiwa rangi yake zilivaliwa na matajiri wa mbali. Biashara hiyo ilififia baada ya rangi za viwandani kuvumbuliwa kuanzia mwaka 1856. Lakini kuvumwani za ukoo huo hazikusahaulika kabisa, kwani ndizo zilizotoa litmasi, ile rangi ya karatasi ambayo wanafunzi wetu huichovya katika maji kujua kama yana asidi au la.

VITA NA MWISHO WA SAFARI

Acharius aliandika kitabu chake kikuu wakati Ulaya ikiungua. Mwezi Februari 1808 majeshi ya Urusi yaliingia Finland, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Sweden. Mwezi Machi 1809 maofisa walimpindua mfalme wa Sweden, na mwezi Septemba mwaka huo mkataba wa amani uliiondolea Sweden Finland yote, yapata theluthi moja ya eneo lake. Ujerumani nako kulikuwa chini ya kivuli cha Napoleon. Mji wa Göttingen, ambako kitabu cha mwaka 1810 kilipigwa chapa, ulikuwa wakati huo katika ufalme uliotawaliwa na ndugu yake Napoleon. Mipaka ilichorwa na kufutwa, na watu kwa maelfu wakafa kwa ajili yake. Katikati ya hayo yote, kurasa za vikombe na ngao ndogo ziliendelea kupangwa.

Erik Acharius alifariki Vadstena tarehe 14 Agosti 1819, akiwa na umri wa miaka 61. Mkusanyo wake mkuu wa kuvumwani haukubaki Sweden. Uliuzwa na kupelekwa Helsinki, mji wa ile Finland ambayo Sweden ilikuwa imeipoteza vitani, na uko huko hadi leo. Vipande vingine vya kazi yake vimehifadhiwa Uppsala, Lund na London. Yeyote anayetaka kuhakikisha maana ya jina alilolitoa Acharius sharti alirudie gome lilelile au jiwe lilelile alilolishika mkononi, kama vile hakimu anavyoitisha kielelezo kabla ya kutoa hukumu.

SIRI YA JINA LETU

Miaka karibu hamsini baada ya kifo chake, Mswisi mmoja mtoto wa mkulima, Simon Schwendener, alitoa tangazo lililowakasirisha wengi. Kuanzia mwaka 1867 alieleza kwamba kuvumwani si mmea mmoja, bali ni viumbe wawili wanaoishi pamoja: kuvu iliyojenga nyumba, na mwani mdogo mno ulioishi ndani yake ukitengeneza chakula kwa nuru ya jua. Bingwa wa kuvumwani wa wakati huo, William Nylander, mzaliwa wa Finland aliyeishi Paris, aliyakataa mafundisho hayo hadi kufa kwake mwaka 1899. Lakini Schwendener ndiye aliyekuwa na haki. Kikombe alichokipa jina Acharius ni cha kuvu peke yake. Spora inayorushwa kutoka ndani yake haibebi mwani, na ikiangukia mahali pageni haina budi kumpata mwani wa kufaa kabla kuvumwani mpya haijaanza. Kinyume chake, ule unga wa soredia umewabeba wote wawili pamoja, kama wasafiri waliofunga mzigo mmoja.

Waliounda neno la Kiswahili waliijua siri hiyo, wakaiweka ndani ya jina lenyewe. Kuvu na mwani vimeunganishwa kuwa kuvumwani. Jambo ambalo wasomi wa Ulaya walibishania miaka mingi, mtoto wetu wa shule hulitamka kwa neno moja.

Naye Nylander, pamoja na ukaidi wake, alitoa faida kubwa. Mwaka 1866 alionyesha kwamba kuvumwani hupungua na kufa pale hewa ya mji inapochafuliwa na moshi, kwa kuwa hazina mizizi, nazo hunywa kila kinacholetwa na hewa na mvua. Tangu hapo kuvumwani zimekuwa walinzi wasio na mshahara. Mahali zinaposhamiri, hewa kwa kawaida ni safi. Zikianza kutoweka, wenye macho hujua kuna hatari kabla pua haijainusa.

Thunberg, yule msafiri wa Rasi, alimkumbuka mwenzake kwa kuupa mmea mdogo wa Afrika Kusini jina la Acharia. Kutokana na jina hilo wataalamu wamepata jina la jamii nzima ya mimea, na miti kadhaa ya misitu ya Afrika Mashariki imo katika jamii hiyo. Hivyo mtu aliyeanza masomo yake kwa mmea wa Afrika amebakiziwa kumbukumbu katika miti ya Afrika.

Ndugu askari na ndugu polisi, maisha ya Acharius hayana vita wala nishani. Alipewa kituo kidogo, akakitumikia. Alikuta vitu vimerundikwa chini ya jina moja, akavitenganisha kwa haki. Alipokosea alijisahihisha hadharani. Nanyi mnaolinda milima, barabara na mipaka mna nafasi ambayo profesa wa mjini hana, kwani mko pale, kila alfajiri, mbele ya jiwe lenyewe na mti wenyewe. Misitu ya nyanda zetu za juu ikikatwa, kuvumwani zinazoning'inia matawini mwake hupotea pamoja nayo, pengine kabla ya mtu yeyote kuziangalia mara ya pili. Basi zamu itakapokuwa shwari na nuru itakapotosha, inama kidogo ulitazame lile doa. Vikombe vimo, na vifuko ndani yake vinasubiri mvua.